Uvimbe Ulioteremka

Kwetu Musanda, mtoto akishikwa na matubwitubwi hapelekwi hospitali. Anafungiwa mzigo mdogo wa kuni, anatwikwa kichwani, anaambiwa auzunguke mti ulio mpakani huku akiuimbia ugonjwa ubaki hapo. Akimaliza anazitupa kuni na kukimbia nyumbani bila kugeuka nyuma. Ndugu zangu wote walikimbia hivyo wakiwa wadogo, wakapona. Mimi yalinichelewa. Yalinikuta nimeshamaliza shule, ndevu zimeanza kuota, ninafundishwa kutengeneza matrekta ya kubeba miwa pale Ekero. Mashavu yalifura hadi fundi wangu akaniuliza nimeficha mandazi ngapi.

Mama hakuona cha kuchekesha. Alinitwika kuni, jitu zima, nikauzunguka mti mchana kweupe wasichana wa jirani wakinichungulia kwenye ua. Nilikimbia kweli, lakini kwa aibu. Baada ya siku chache mashavu yakapungua, maumivu yakashuka. Korodani zilivimba, homa ikanipanda, nikawa natembea miguu kando kando. Kumwambia mama mambo ya huko chini kulinishinda. Nikamweleza shangazi yangu, dada ya baba, ambaye sisi tunamwita senje na ambaye mtu anaweza kumfungulia moyo. Senje akamfikishia mama, na mama akafurahi.

"Imeteremka," alisema. "Hiyo ugonjwa hutokanga hivyo. Ikianza juu inashuka chini, sasa inaenda."

Akanichemshia maji ya kukanda, akamshukuru Mungu kanisani mbele ya watu. Na uvimbe uliisha kweli. Hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili yake, mimi nikiwa wa kwanza.

Nilioa nikiwa fundi kamili. Mke wangu ni mshonaji wa sare za shule, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Miaka ilipita bila mtoto, na katika muda huo wote hakuna aliyeniuliza mimi swali. Maswali yote yalikuwa yake. Alinyweshwa mizizi michungu hadi akatapika. Aliwekewa mikono kichwani na kila mhubiri aliyepita. Kila Jumapili baada ya kanisa mama alikuja kwetu, akaketi, akamtazama tumbo kabla ya kumtazama uso, kisha akauliza kama kuna habari. Nami nilikuwa nikitoka nje kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Ni mke wangu aliyesema twende Kakamega mjini tupimwe wote wawili. Nilienda kwa hasira. Nilipewa kikopo na kuonyeshwa chumba chenye kitasa kibovu, nikatoka humo nikijiona mjinga wa mwisho. Majibu ya mke wangu yalikuwa mazuri. Yangu yalisema hakuna mbegu hata moja, wakarudia kupima, yakasema vilevile. Baadaye walinikata kipande kidogo cha nyama ya korodani wakakitazame kwa darubini.

Daktari aliyetueleza alikuwa msichana wa umri wa mdogo wangu, na nilitamani sana angekuwa mzee mwenye mvi. Alisema damu ina askari wake, na askari hao hufundishwa mapema, tukiwa wachanga, nani ni wa nyumbani na nani ni mgeni. Mbegu za kiume huanza kutengenezwa mvulana akibalehe, wakati masomo yao yamekwisha zamani. Kwa hiyo askari hawazijui, na wakiziona watazipiga. Ndiyo maana mwili umezijengea ukuta. Askari wachache wanaoishi ndani ya korodani ni wapole. Kazi yao ni kufagia uchafu, kutuliza ugomvi, na kusaidia mbegu zikue.

Kisha akaniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi nikiwa mkubwa. Mke wangu alinigeukia. Nilijibu ndiyo.

Daktari akasema virusi vilipoingia huko chini, askari wa nje waliitwa kwa wingi. Walipigana humo ndani, ukuta ukabomoka, na walipovimaliza virusi wakakutana na mbegu. Hawakuondoka tena. Kile kipande cha nyama kilionyesha wamejazana kandokando ya vijifereji ambamo mbegu hutengenezwa, na vingi vilikuwa vimebaki makovu tu. Kama ningefika hospitali siku zile za uvimbe, alisema, labda wangepunguza madhara, ingawa hakuweza kuahidi.

"Kwa hivyo ni mwili wangu ndio umemaliza watoto wangu," nikasema.

Alijibu kwamba yeye asingelisema namna hiyo. Hakusema angelisema namna gani.

Alinipa vidonge vya kuwatuliza askari, akanionya kwamba matumaini ni madogo. Nilivimeza kwa imani kubwa kuliko nilivyowahi kumeza sakramenti. Vilinivimbisha uso, vikaninyima usingizi, na kule Ekero watu wakanipongeza kwamba nimenona, maisha yamenikubali. Nilipopimwa tena, hakuna kilichobadilika. Nilikaa kwenye benchi nje ya maabara nikalia bila kujificha, mwanamume mwenye mikono ya grisi, watu wakipita na risiti zao.

Mke wangu naye alilia. Nilidhani analia nami. Kumbe alikuwa akirudia kwa sauti ndogo, "Si mimi. Si mimi." Akaniomba jambo moja tu, nimwambie mama. Niliahidi.

Lakini nitamwambiaje? Mama sasa ana presha, anapanda ngazi ya kanisa kwa kushikwa mkono. Nimwambie kwamba kile alichomshukuria Mungu ndicho kilichomnyima wajukuu? Jumapili zikawa zinakuja na kupita, mama akiuliza habari, mke wangu akinitazama, nami nikienda kuangalia ng'ombe.

Mwishowe nilimweleza senje. Hakushtuka. Alijifunga leso vizuri, akasema jambo hili lina njia yake ya zamani. Mdogo wangu ana watoto nyumba nzima. Mimi nisafiri Lugari nikatafute mahindi, nikae huko kiasi, na yeye abaki akiiangalia nyumba yangu.

"Ukirudi hakuna mtu atauliza," alisema. "Mtoto ni wa boma. Sisi hatutangazangi."

Nilimfokea senje yangu, jambo ambalo sijawahi kufanya maishani, nikaondoka bila kunywa chai yake. Ila neno lake lilinifuata. Nikiwa chini ya trekta lilikuwa nami. Nilijikuta nikimtazama mdogo wangu, masikio yake ambayo ni yangu, kicheko ambacho ni cha baba yetu, na nikamchukia bila kosa lolote. Halafu nikawaza mtoto mwenye masikio hayo akiniita baba. Nilimtaka mtoto huyo. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini nilimtaka.

Jumamosi moja alasiri nilimwambia mke wangu alichosema senje. Alikuwa kwenye cherehani akiunga kola. Nilijiandaa kwa matusi. Nilitaka matusi. Nilitaka arushe mkasi, aseme hawezi kuguswa na mwingine, ili nijue bado nina mke hata kama sina kingine.

Alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Lini?" akauliza.

Nikamwambia hata sijui kama ninataka.

"Sijakuuliza kama unataka. Mama yako ananiuliza kila wiki na wewe umeshindwa kumjibu. Sasa mimi nitamjibu aje?"

Nilisema nitamwambia. Nilisema Jumapili, mbele yake, nitamwambia mama kila kitu. Alinitazama kwa muda, bila hasira, kwa uchovu tu, kisha akapitisha uzi kwenye sindano.

"Kesho ni Jumapili," akasema.