Padri Mwenye Mhuri

Mwaka tuliohamia Raskazone, mjini Tanga, mama alikataa kufungua makasha. Alitoa sufuria, mikeka na nguo za kuvaa tu, vingine vikabaki vimefungwa kamba ukumbini. Nyumba ilikuwa kubwa, ya zama za wakoloni, yenye baraza pande tatu. Mama alisema hawezi kutandika vitambaa vyake katika nyumba ambayo mtu mwingine ana ufunguo wake. Akaenda nyuma ya jiko, akang'oa maua waliyoyaacha waliotutangulia, akapanda mihogo.

Tulikuwa tumetoka kwetu, vijiji vya Kibondei nyuma ya Muheza, ambako baba alikuwa padri wa Kianglikana na mwalimu wa shule ya kanisa. Shule zilipochukuliwa na serikali, baba naye alichukuliwa pamoja na madawati. Alikuwa na mwandiko mzuri na akili ya kupanga mambo, kwa hiyo akapanda kutoka elimu ya wilaya hadi ofisi za mkoa. Kisha bidhaa zikaadimika. Sukari ikapotea, sabuni ikapotea, mama akawa anafulia majani ya mpapai. Baba akawekwa kwenye meza ya vibali. Bila karatasi yenye sahihi yake na mhuri, gunia la mahindi halikutoka Korogwe kuja Tanga, na jora la kitambaa halikutoka ghalani.

Upadri hakuuacha. Askofu alimruhusu kuitumikia serikali kwa sharti kwamba aendelee kuhudumia vile vijiji vyetu kila Jumapili. Miezi ya kwanza alikwenda bila kukosa. Baadaye petroli ikawa shida, halafu vikao vikaanza kufanyika hata Jumapili, na ikafika wakati mwalimu wa kanisa anasalisha peke yake, wiki baada ya wiki, bila misa. Watu wa kijijini walipokuja mjini walipita kwetu, wakamwamkia baba shikamoo, wakakaa barazani, na mwishoni wakasema kwa upole kwamba fulani amezikwa, fulani naye amezikwa. Baba alitikisa kichwa, akaahidi kwenda. Walipoondoka alizunguka baraza yote, pande tatu, akageuka, akazunguka tena.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi ya kupiga chapa, na sikuwa na kazi. Nilichotaka hasa nilikuwa sijui. Asubuhi nilitaka kwenda Dar es Salaam, jioni nilitaka kuolewa, kesho yake nilitaka kurudi kijijini. Nadhani baba aliliona hilo, maana ndipo alipoleta mashine kuukuu ya kupigia chapa, akaiweka barazani na kuniambia nina kazi.

Chuo cha mapadri kilikuwa kimemwomba atafsiri masomo ya historia ya kanisa. Katika vitabu walivyomletea alichagua kimoja tu, maisha ya askofu mmoja wa Uingereza ya zamani sana, kabla hata ya Wareno kufika pwani yetu. Saa kumi alasiri baba alirudi ofisini, akanywa chai ya mchaichai isiyo na sukari, akaanza kunisomea kwa Kiswahili huku akitembea. Karatasi hazikuwapo, kwa hiyo nilipiga chapa nyuma ya fomu za zamani za shamba la mkonge.

Askofu yule alikuwa mtoto wa watu wa kawaida. Alisomeshwa na kanisa, akaajiriwa kumwandikia mfalme barua. Aliandika vizuri hata akakabidhiwa mhuri wa mfalme, ule uliogandamizwa kwenye lakiri, nta ya kufungia barua, na neno lolote lisilo na alama yake halikuwa amri. Alitumwa ng'ambo kusuluhisha vita. Alikusanya askari, akahukumu kesi, akawaoza watoto wa kifalme. Mfalme alitaka kumlipa lakini hakutaka kutumia mali yake, akampa uaskofu, kama mtu anavyopewa shamba. Na kwa miaka mingi askofu huyo hakukanyaga katika dayosisi yake. Watoto walipewa kipaimara na askofu wa kukodi, mapadri waliwekewa mikono na mtu mwingine, naye yuko kwa mfalme na mhuri wake.

Tulipofika hapo baba alisimama. Nikamuuliza je, hatimaye alikwenda? Alisema hajui, hajafika huko. Nikamwambia afungue kurasa za mwisho tuone. Hakufungua. Siku iliyofuata gari la ofisi lilikuja kumchukua saa ileile ya tafsiri, na siku ya pili hivyo hivyo, ukawa ndio mtindo. Mashine ikakaa barazani imefunikwa kanga.

Siku hizo msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umeanza. Watu walikuwa wakitupa sukari chooni kwa kuogopa kukutwa nayo. Baba aliitwa Dar es Salaam kwa wiki nzima, na kabla ya kuondoka aliacha katika mtoto wa meza fomu chache za vibali, tupu, lakini zina sahihi yake na mhuri tayari. Alimwambia karani wake wa ofisini kwamba akitokea mgonjwa wa kusafirishwa, aje nyumbani achukue moja. Haikuwa halali kufanya hivyo na alijua.

Siku ya tatu, asubuhi, alikuja bibi mmoja wa Kipemba aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Yeye na mumewe walikuja Tanga zamani kwa biashara ya karafuu, na walipozeeka hawakurudi. Alikuwa amejifunga buibui, lakini ushungi aliuvaa ndani nje. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasimama bila kukaa.

"Mwanangu, mzee wangu kafariki alfajiri," akasema. "Watu washachimba. Sanda hamna. Dukani wanataka karatasi ya babako."

Nikamweleza kwamba baba hayupo. Akasema anajua, amekwisha kwenda ofisini, karani hakufika kazini, na wengine wamemwambia asubiri mpaka wiki ijayo.

"Miye nitasubiri," akasema. "Yeye hasubiri."

Mama alikuwa mlangoni akitusikiliza. Aliingia ndani na kuanza kufungua kamba za kasha moja, la kwanza tangu tuhamie. Akatoa shuka zake mbili za harusi, nyeupe. Zilikuwa na maua yaliyodariziwa pembeni. Bibi alizishika, akazirudisha kwa adabu, akasema Mungu amlipe, lakini mumewe alikuwa mtu wa msikitini na angependa aende kwa sanda ya bafta safi kama wenzake.

Nilikwenda kwenye mtoto wa meza. Sikufikiri sana, na hata leo siwezi kusema niliona huruma kwanza au nilichoka tu kukaa pale barazani nikingoja maisha yaanze. Niliweka fomu kwenye mashine, nikajaza: bafta, kwa mazishi. Nikaandika na tarehe ya siku hiyo. Mzee alizikwa baada ya sala ya adhuhuri.

Baba aliporudi nilimwambia kabla hajavua viatu. Akaniuliza kama niliweka tarehe. Nikasema ndiyo. Akaketi, na ilikuwa ajabu kumwona ameketi.

Mwenye duka alikaguliwa na watu wa msako katikati ya mwezi. Kila kibali alichokuwa nacho kililinganishwa na daftari la safari za ofisini, na kimoja kilikuwa cha siku ambayo mtoa kibali alikuwa Dar es Salaam. Walikuja nyumbani watu wawili waliovaa vizuri. Walizungumza na baba kwa heshima, wakamwita Padri. Walimweleza kwamba wanamfahamu karani wake, kwamba siku ile hakufika kazini, na kwamba inaelekea aliiba fomu. Karani alikuwa na wake wawili na watoto wengi. Walihitaji tu baba athibitishe.

Nilikuwa ukumbini nikisikia. Nilitaka kutoka niseme ni mimi, lakini sikutoka. Nilichofanya ni kwenda na kurudi kati ya makasha ya mama.

Baba akawaambia, "Karani hakuiba. Fomu niliziacha tupu mimi, na sahihi ni yangu. Mengine yote yanatokana na hilo, kwa hiyo niandikeni mimi."

Mkubwa wao akamshauri afikiri vizuri, akamkumbusha kwamba Sinodi ya kumchagua askofu mpya iko karibu na jina lake linatajwa. Kwa nini alichafue kwa ajili ya karani? Baba akajibu kwamba amekwisha kufikiri. Hawakuuliza nani aliijaza fomu, na baba hakuwaambia.

Hakufungwa, na kwa siku zile ilikuwa bahati. Alivuliwa kazi, tukapewa siku chache za kuhama. Kwenye Sinodi jina lake lilitajwa na mtu mmoja, likapita kimya. Aliyechaguliwa alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na alimpa mtaa mdogo wa kanisa karibu na Horohoro, mpakani na Kenya, wenye Wakristo wachache waliobaki kutoka mashamba ya mkonge. Mama alifurahi. Makasha yalikuwa tayari, lile moja lilihitaji kamba tu.

Nilimwomba baba msamaha njiani, juu ya lori, tukiwa tumekaa juu ya mizigo. Alisema jambo nililofanya mimi lilikuwa moja tu katika mambo aliyoyafanya yeye. Sikuelewa. Nilikasirika hata, maana nilikuwa nimejiandaa kulia.

Haukupita muda mrefu nchi ikageuka. Vibali vikafutwa kimoja kimoja, kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, na magari yakaanza kuvuka Horohoro yamebeba sabuni, vitenge, betri na mafuta ya kupikia. Baba alikuwa akisimama mbele ya kanisa lake dogo, kando ya barabara, akiyatazama. Alinisimulia kwamba aliwahi kumnyima mwanamke mmoja kibali cha vipande sita vya sabuni kwa sababu hakuandika kijiji. Sasa sabuni ilirundikwa barabarani mpaka inayeyuka kwa jua. Hakuweza kukaa. Alipanda baiskeli asubuhi, akaenda mpaka mpakani, akarudi, bila kazi yoyote huko.

Mimi mpaka ulinipa ajira. Wakala mmoja wa forodha alihitaji mtu wa kupiga chapa hati za mizigo, nikaingia, na hatimaye nikapata ile haraka ya maisha niliyokuwa nikiingoja barazani. Mashine ya baba nilimwachia. Bila mimi, kwa vidole viwili, alianza tena tafsiri.

Siku moja alinionyesha sura ya mwisho. Mfalme alizeeka akafa, mwanawe hakumtaka mtu wa baba yake, akamnyang'anya mhuri. Askofu akarudi katika dayosisi yake, hajulikani na mtu. Alizunguka parokia zake juu ya farasi, mvua na baridi, akiwapa kipaimara watu wazima waliokwisha kuwa na wajukuu, mpaka akaugua na kufa safarini. Haya yote yalikuwa kurasa mbili. Baba aliniuliza mbona mwandishi alitumia kitabu kizima kueleza mhuri, na kurasa mbili tu kwa hayo? Nikamjibu pengine hakukuwa na la kueleza zaidi. Akasema, "Lilikuwepo. Mwandishi hakwenda kuuliza."

Aliipeleka tafsiri chuoni. Walimshukuru, wakasema siku hizi wanafunzi wanasoma kwa Kiingereza. Akatoka hapo moja kwa moja hadi kwa askofu, yule mwanafunzi wake, akamwomba arudishwe katika vijiji vyetu nyuma ya Muheza. Askofu alimwambia kule watu hawajasahau. Baba akasema ndiyo sababu.

Alianza kwenda nyumba kwa nyumba. Aliomba orodha ya waliozikwa katika miaka yake ya Raskazone, na kwa kila mmoja alikwenda kwa jamaa zake akasema alipaswa kuwapo na hakuwapo. Wengi walimkaribisha, wakamchinjia kuku. Mjane mmoja hakumkaribisha.

Nilikuwa likizo, nikamsindikiza. Yule mama alikuwa uani, mbele yake kuna ungo wa mahindi makavu, anapukuchua. Baba alisimama mbali kidogo, kofia mkononi, akasema maneno yake. Alikuwa amekwisha kuyasema mara nne, kwa siku tofauti, na mara zote alifukuzwa.

Yule mama hakuinua uso. "Mume wangu aliuliza gari," akasema. "Kila gari likilia barabarani, aliuliza, ni Padri? Siku tatu. Nikamdanganya kwamba umetuma salamu."

Nilitaka tuondoke. Nilitazama njia, nikatazama saa, nikamgusa baba mkono, wala hakugeuka. Tulisimama mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Ndipo yule mama alipokisukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa," akasema. "Lakini usiniombee."

Baba akakaa. Akachukua hindi moja, akaanza kupukuchua. Mimi nilizunguka ule ua, nikaenda kisimani, nikarudi, nikaenda tena barabarani kuona kama kuna gari la kurudi Muheza. Nilipomchungulia baba, alikuwa amekwisha kulimaliza hindi la kwanza na ameinama kuchukua jingine.

Alikaa padri wa vijiji vile mpaka alipofariki, miaka minane baadaye. Yule mama alikuja mazishini. Sikuona kama alilia. Alisimama nyuma, akangoja mpaka kaburi likafukiwa lote, akaondoka.