Lenzi Iliyoona Kila Mtu Isipokuwa Consolata

Picha pekee ya Consolata Nyabise iliyobaki duniani haina uso. Ina gauni lake la kwendea kanisani, ina kitambaa cha kichwa, ina mikono yake juu ya magoti. Pale uso ulipotakiwa kuwa pana ukungu.

Aliyeipiga ni Wanzagi Alfonsi, mpiga picha wa Nyasura, mjini Bunda. Hakuwa amelewa na si mgeni wa kazi. Alikwenda na lenzi isiyofaa, basi.

Saa sita mchana, Jumatatu, Wanzagi amesimama pembeni ya shamba la mihogo huko Butiama, mbali na kaburi. Anazungusha lenzi yake ya kuvuta na kuwaleta waombolezaji karibu mmoja mmoja bila kuinua mguu. Msiba anaoupiga ni wa Consolata mwenyewe.

Jeneza linatolewa ndani. Mbele yake, kama inavyofanyika hapa, anatembea mjukuu aliyebeba picha ya marehemu kwenye fremu. Mjukuu ni Grace. Picha ni ile ile ya ukungu, imekatwa abaki bibi peke yake.

"Huyo kwenye fremu ni nani?" anauliza mzee mmoja kwenye benchi.

"Si ndiye bibi mwenyewe."

"Bibi yupi? Mbona kama moshi wa jikoni?"

"Punguza sauti, baba. Aliyepiga yuko hapo nyuma yako."

Wanzagi anasikia. Anaendelea kubonyeza.

Miaka yote ya nyuma alikuwa na lenzi moja, ile ambayo wenzake wanaiita hamsini. Haivuti. Mtu akiwa mbali anabaki mbali.

"Hamsini unaivuta kwa miguu yako," anasema. "Unataka sura kubwa, sogea. Lakini ile kitu inakunywa mwanga. Nilikuwaga napiga mtoto ndani ya nyumba ya dirisha moja, jioni, anatoka mpaka kope."

Miguu hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka jana, kwenye maziko huko Bugwema, alisogea mpaka ubavuni mwa mjane ili apate uso wake. Shemeji wa mjane, Kwangu, akamkamata kola ya shati.

"Wewe, unataka kuingia humo naye?" Kwangu alimuuliza, akionyesha jeneza.

Watu walicheka, msibani. Kutoka siku ile wakamwita Nzi, kwa sababu nzi ndiye anayemkaribia maiti zaidi kuliko ndugu zake. Bugwema hawakumwita tena kwenye kazi yoyote.

Wanzagi akaenda Musoma kwa mpiga picha mwenzake, Benson, ambaye pia ndiye anayemsafishia na kumchapishia picha. Wakabadilishana, lenzi kwa lenzi. Benson akachukua hamsini, Wanzagi akaondoka na ya kuvuta.

"Nilifurahi," anasema. "Nasimama huku, nachukua chozi kule. Nani ataniita Nzi tena?"

Hakujiuliza atafanyaje ndani ya nyumba. Msiba hupigwa nje, juani, na misiba ndiyo kazi yake kubwa.

Kisha Petronila, binti mkubwa wa Consolata, akampigia simu. Mama alikuwa hoi. Kadi yake ya kupigia kura ilinyeshewa mpaka sura ikafutika, na hapakuwa na picha nyingine. Watoto wote wanne walikuwa wamefika. Walitaka picha moja naye, akiwa hai.

Chumba kilikuwa na giza. Dirisha lilizibwa kwa khanga kwa sababu mwanga ulimchoma mama macho. Wanzagi alipotoa flashi, Consolata aliinua mkono.

"Huo moto wako, mwanangu, usiniletee machoni."

"Sawa, mama. Naacha."

Hapo ndipo hamsini ilipotakiwa. Lenzi ya kuvuta haina uwezo wa kukusanya mwanga kama ile, kwa hiyo kamera ilibaki wazi muda mrefu kila alipobonyeza. Mtu anayetulia anatoka vizuri. Consolata kichwa chake kilikuwa kinatetemeka, ugonjwa wa miaka mingi.

Wanzagi aliangalia kioo kidogo nyuma ya kamera, akaona watu watano wamekaa vizuri. Akaaga.

Ukungu ulionekana Musoma, kwenye kompyuta ya Benson.

"Kaka, huyu mama umemfanyaje?" Benson aliuliza.

Wanzagi alimwomba amwazime hamsini kwa siku moja. Benson akamtolea ile lenzi. Wanzagi akampigia Petronila kumwambia anarudi kesho asubuhi, picha moja haikukaa sawa.

Petronila akasema, "Njoo tu, kaka. Lakini njoo kwa msiba. Mama ametutoka leo alfajiri."

Baada ya maziko Petronila anamfuata pale kwenye mihogo. Hagombi. Anauliza kama kompyuta haiwezi kuusafisha ule uso.

"Inasafisha kilichopo, dada. Pale hapana kitu."

"Hata macho?"

"Hata macho."

"Haya," anasema Petronila. "Grace alikuwa anauliza."

Wanzagi amekwisha kumwomba Benson warudishiane lenzi moja kwa moja. Benson amekataa, amemwazima tu, kesho anaitaka. Mpango wa Wanzagi sasa ni kutafuta hamsini nyingine, hata iliyochakaa, na kutoingia tena nyumba ya mgonjwa mpaka aipate.

Hamsini ya Benson imelala kwenye begi lake. Leo haikuguswa. Kazi yote imefanywa na ile ya kuvuta, na juani imefanya vizuri. Padri anaonekana. Wachimba kaburi wanaonekana, mpaka jasho. Watoto wanne wanaonekana, wajukuu kumi na mmoja wanaonekana, na yule mzee wa kwenye benchi pia. Anayekosekana ni mmoja.