Steringi Aliyekanyaga Msumari

Shemeji yangu, mume wa dada, kazi yake ni kutafsiri filamu kwenye banda la video. Anashika maikrofoni na kusemea kila mtu, hata mbwa. Kwamba lugha yenyewe haijui hata chembe, hilo halijawahi kumnyima usingizi.

Filamu iliyomharibu ni ya vita. Makomando wanaingia msituni kumwokoa kapteni wao aliyepigwa risasi ya paja. Kapteni anaichokonoa mwenyewe kwa kisu, kauma mkanda, hatoi hata "aa", na banda zima husimama kumshangilia. Basi shemeji akaanza kutembea kikapteni mpaka sokoni. Makubwa!

Siku moja akakanyaga msumari wenye kutu nyuma ya banda. Dada akamwambia aende zahanati akachomwe sindano. Bwana mkubwa akajibu kwamba steringi, shujaa wa filamu, hafi, akajifunga kitambaa chekundu, akarudi kazini. Mguu ukavimba, homa ikapanda. Dada akamsihi, akanituma na mimi nimsihi. Wapi! Kichwa ngumu yule.

Jumamosi mchana alitafsiri huku anatetemeka. Watazamaji wakasifu kwamba leo kapteni anaugua vizuri kweli. Alipoanguka na maikrofoni yake, wakapiga makofi. Dada alikuwa mlangoni akikata tiketi. Akapita mbele ya skrini, wakamzomea eti anawaziba msitu. Mwanamke mwembamba vile, akambeba mumewe mgongoni mpaka hospitali. Daktari akasema wangechelewa kidogo tu mguu ungeondoka, na pengine mwenye mguu pia. Vikaondoka vidole viwili.

Alipotoka, mtaa mzima ulisimuliwa jinsi alivyojikokota peke yake hadi kwa daktari. Dada anamimina chai tu. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpashe, dada akanifinya.

Kisha akarudi bandani, filamu ileile. Ikafika pale kapteni anavuja damu na kuwaamuru askari wake wamwache, wajiokoe wao. Midomo ya kapteni ikacheza, maikrofoni kimya. Watu wakageuka kumtazama shemeji. Akasema polepole:

"Msiniache hapa, jamani. Naogopa."

Walimzomea vibaya sana, wengine wakadai warudishiwe kiingilio. Dada, kule mlangoni, alilia mpaka akashindwa kukata tiketi.