Nilivyomwita Bi Hanna Bahili

Iko siku moja ya mwisho wa miaka ya tisini ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu. Ndiyo siku niliyosimama ndani ya kibanda cha simu, stesheni ya treni ya Viena, nikasutwa na shangazi yangu aliyekuwa Msambweni. Nakuandikia kwa kuwa nawe unajitayarisha kusafiri. Mimi si msomi, niliishia kidato cha nne, na huenda mengine nimeyapindua kidogo kwa kujipendelea. Ukiona hivyo, nisamehe.

Nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Diani. Kijerumani nilikiokota kwa wageni: mmelala vizuri, bahari leo imetulia, mayai mnayataka vipi. Mgeni mmoja, Bi Hanna, mwalimu mstaafu na mjane, alikuwa akija kila mwaka. Yeye ndiye aliyesema niende kwao Ujerumani kiangazi kimoja, nikae nyumbani kwake, nisome lugha miezi miwili nipate cheti. Akaahidi kwamba mambo yakienda vyema, mwaka wa pili atamchukua Mwanaisha, binti wa jirani yetu, aliyenishinda akili kwa mbali.

Nikaenda. Jioni ya kwanza Bi Hanna alipika viazi na kuku, akanipakulia, nikala. Akaniuliza, "Utaongeza?" Nami, mtoto niliyelelewa Msambweni, nikajibu, "Asante, nimeshiba." Wewe wajua kwetu mambo yalivyo. Mgeni husema ameshiba, mwenyeji huapa kwamba hajashiba, mgeni hukataa tena, na huku sahani imekwisha jazwa. Basi nikangoja aape. Bi Hanna akasema, "Vizuri," akaondoa bakuli, akaanza kuosha vyombo.

Ikawa hivyo kila siku. Darasani tumbo langu lilinguruma hata Mtaliano niliyekaa naye akawa ananicheka. Wiki ya tatu nikaandika barua nyumbani. Nilisema shule ni nzuri, baridi ipo ingawa wenyewe wanaita kiangazi, ila bibi huyu ni bahili, chakula anakipima kama dawa. Sikuandika kwamba alipokumbuka mimi ni Mwislamu alinunua sufuria mpya na kikaango kipya, akaviweka rafu ya peke yake, visiguswe na nyama ya nguruwe. Nilikuwa nalijua hilo wakati naandika. Nililiacha tu.

Masomo yalipokwisha, zilibaki siku kumi, nikatembea kwa treni na wanafunzi wenzangu. Tulifika Venisi, mji ulio ndani ya maji. Watu wanapanda mashua kwenda sokoni kama watu wa Mkwiro kule kisiwani, ila hawaulizani wameamkaje. Kisha Viena. Huko ndiko nilikopiga simu ya duka la Msambweni, ambako shangazi Mwanakombo alikuwa akiningoja kama tulivyopatana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kumbe u hai? Huku twasikia wafa njaa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Barua yako imesomwa barazani, kila mtu kasikia. Babake Mwanaisha asema binti yake haendi kwa mtu wa namna hiyo. Hebu niambie, huyo bibi alikuuliza kama utaongeza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibuje?"

"Nimeshiba."

"Mara ngapi?"

"Kila siku, shangazi. Lakini ndiyo adabu..."

"Adabu yetu yeye kaisomea wapi? Skuli ya Ukunda?"

Kisha akasema polepole, "Mwenzio kakuamini neno lako, wewe wamwita bahili mbele ya watu wazima. Rudi ukamwambie. Halafu uandike barua nyingine, isomwe palepale iliposomwa ile."

Nikapanda treni kesho yake. Nilimweleza Bi Hanna yote mezani jikoni, na lile neno bahili sikulificha. Uso ukamwiva.

"Miezi miwili?" akauliza.

"Ndiyo."

"Nami nikidhani hupendi mapishi yangu! Nimekuwa nikipunguza ili nisikuudhi." Akafuta macho, sijui kwa kicheko au kwa uchungu, nadhani vyote. "Na sasa hivi, una njaa?"

Mwanangu, neno lile lilikuwa zito kinywani. "Ninayo," nikasema. "Tena nyingi."

Akapika viazi vya watu wanne, akaketi akinitazama nikila.

Barua ya pili ilisomwa, pamoja na habari ya sufuria na mengine yote. Babake Mwanaisha aliisikiliza mpaka mwisho, akasema ameshaamua. Simlaumu; alikuwa baba, na habari ya kwanza aliipata kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanaisha hakwenda. Leo ana duka lake Ukunda, mambo yake mazuri, na tukikutana hunitania, "Kaka, Ujerumani yangu uliila na viazi!" Tunacheka sote. Kisha narudi nyumbani, nafungua daftari langu la kumbukumbu, naandika kwamba amesema kweli.

Kwa hiyo ugenini ukiulizwa una njaa, na unayo, sema unayo. Usimhukumu mtu kwa desturi ambayo hakufundishwa. Na kabla hujaandika ubaya wa mtu, andika kwanza wema aliokutendea, uone kama kalamu bado yataka kuendelea. Ninyi siku hizi mwatuma habari kwa simu, zafika kabla hujavuta pumzi. Kosa waweza kulikiri na ukasamehewa, nami nilisamehewa. Lakini yule aliyekosa nafasi kwa ajili yako, msamaha uliopewa wewe haumpi yeye safari.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akutangulie njiani, akukutanishe na wenyeji wema, akupe ulimi wa kusema haja yako na moyo wa kuwatendea haki wasiokuwapo, na akurudishe kwetu na afya yako. Amin.