Kichaka cha Mkwe

Eliakimu wa Kalinzi hakuogopa kitu duniani isipokuwa mama mkwe wake, na mwaka wa tisini na saba akapewa kazi ya kuua vichaka vyote alivyokuwa akijifichia. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika bendera.

Siku zile barabara ya Manyovu ilikuwa haipumziki. Malori ya mahindi ya msaada yakipanda, malori ya wakimbizi kutoka mpakani yakishuka, na matete yalikuwa yamefunga kona zote, dereva hamwoni mwenzake mpaka wamekutana uso kwa uso. Vibarua walifyeka, mvua ikanyesha, matete yakarudi na ndugu zake. Ndipo mkandarasi akaleta dawa ya magugu na mabomba ya kubeba mgongoni. Msimamizi wetu, Leonardi, akauliza nani anaweza kusoma maelekezo kwenye dumu. Eliakimu akanyoosha mkono. Mimi Zuhra, mjane wa Ujiji mwenye sauti ya kutosha, nikapewa bendera nyekundu nisimamishe magari.

Mwanzoni alichekwa. Dawa ile haina haraka. Unapuliza leo, majani yanakaa siku kumi na ukijani wake kama hayajaambiwa kitu. Wanawake waliotoka shamba walipita wakimuuliza, "Eliakimu, unamwagilia magugu? Yana kiu?" Alinuna chini ya kitambaa cha pua, asijibu. Siku ya kumi na moja barabara ikaamka ya manjano, baadaye kahawia, kilomita mbili nzima. Hapo akawa hashikiki. Miwani ya kazini alikwenda nayo mpaka kanisani. Nilimwambia akiendelea hivyo hata malaika wake hatamtambua.

Sasa ujue habari ya mkwe. Sisi wa Ujiji mama mkwe tunamwogopa, lakini tunamsalimia. Kwa akina Eliakimu, yaani Waha, mwanamume haonani ana kwa ana na mama mkwe, hamtaji jina wala hamsemeshi, mpaka apeleke mbuzi wa kufungua njia. Eliakimu alikuwa ameoa miaka sita, watoto watatu, na mbuzi bado. Kila mwaka mbuzi alikuwa na udhuru wake: mara kahawa haikuzaa, mara mbuzi mwenyewe ana mimba. Ukweli ni kwamba kichaka kilikuwa cha bure. Akimsikia mama mkwe anakuja, huyo, ndani ya matete, mpaka apite.

Na kumsikia hakukuwa kazi, maana Mama Veneranda alikuwa na kikohozi. Kila akikaribia kona alikohoa mara mbili, kwa nguvu. Eliakimu alimhurumia sana. Kila msimu alimtumia chupa ya asali kwa mkono wa mkewe, Scola, "ya kifua cha mama." Nilimwambia mtu aliyetoa asali miaka sita angekuwa ameshamaliza mbuzi pamoja na mkia wake. Akanijibu kwamba mambo ya Waha siyajui. Haya.

Siku yenyewe, asubuhi, alipuliza kona ya juu, penye kichaka kikubwa cha matete chenye lengalenga tele chini yake, ule mchicha wa porini. Akafunga vitambaa vyekundu kwenye vijiti, kama Leonardi alivyoagiza, watu wajue pana dawa. Kisha akateremka hadi kwenye pipa la maji, katikati ya sehemu aliyoiua mwezi uliopita, ajaze bomba lake upya. Mimi nilikuwa hatua hamsini chini yake. Nilikuwa nimesimamisha lori la wakimbizi lililoteremka, watu wamekaa kimya juu ya mizigo yao, kwa sababu lori la mahindi lilikuwa linapanda na njia pale ni nyembamba.

Tukasikia kikohozi. Mara mbili.

Eliakimu akatazama kulia: vijiti vitupu. Akatazama kushoto: vijiti vitupu. Kazi aliifanya vizuri mno. Na Mama Veneranda huyo anatokea kwenye kona ya juu, kikapu kichwani kimejaa lengalenga, majani yanang'aa kwa unyevu. Alikuwa ameyachuma katikati ya vitambaa vyekundu. Baadaye alisema alidhani ni vya malori, kama bendera yangu.

Nilimwona Eliakimu anakiona kile kikapu. Wanawe watatu walikula mchana kwa bibi yao, kila siku.

"Zuhra!" akaniita. "Njoo umwambie asipike!"

"Mwambie mwenyewe! Nikiacha bendera malori yatagongana!"

Na ilikuwa kweli. La mahindi lilikuwa linaguruma tayari chini yangu. Hapo Eliakimu akafanya jambo nitakalolisimulia mpaka nife. Alimpa mama mkwe mgongo, maana mgongo si uso, akaanza kupanda kinyumenyume kumfuata.

"Bomba langu linasema," akaupigia upepo kelele, "majani ya kikapuni yana sumu!"

Lakini kitambaa cha pua kilikuwa bado usoni, nacho kilimeza maneno yote. Alichokiona Mama Veneranda ni bomba linamjia lenyewe, mpira wake unadondosha dawa. Akarudi nyuma. Eliakimu, kusikia nyayo zinakwenda mbali, akaongeza mwendo. Yule akakimbia, huyu akakimbia kinyumenyume. Juu ya lori wale wakimbizi Warundi wakasimama kwenye mizigo yao. Wale wana mila zao za wakwe, hawakuhitaji kuelezwa. Mzee mmoja akapiga kofi akasema "Mawe!", yaani "mama yangu!" kwa Kirundi, na lori zima likacheka, watu ambao sidhani kama walikuwa wamecheka mwezi ule.

Eliakimu akaingia mtaroni. Alianguka chali juu ya bomba lake, miguu hewani, kama kobe aliyepinduliwa. Mama Veneranda akarudi taratibu mpaka ukingoni akamchungulia. Uso kwa uso, mchana kweupe.

Eliakimu akavuta kitambaa cha pua chini. "Mama, usipike," alisema. "Hayo majani nimeyapulizia mimi leo. Watoto watakula sumu. Unawe mikono, mama, tafadhali."

Nilikuwa nacheka, na hapo kicheko kikanikauka.

Mama Veneranda akakishusha kikapu, akamwaga majani yote chini, hata moja hakubakiza. Ndipo akakumbuka adabu. Akajifunika uso kwa kanga, akanigeukia mimi niliyekuwa mbali vile.

"Wewe mama wa bendera! Mwambie huyo bwana nimemsikia, na ninamshukuru."

"Amesikia, mama, yuko hapo chini yako."

"Mwambie! Tena mwambie miaka sita namwona vichakani, kichwa ndani, makalio nje. Leo ndiyo amejificha vibaya kuliko siku zote." "Na kifua siumwi. Nilikuwa nakohoa apate nafasi ya kujificha."

Kutoka mtaroni ikaja sauti: "Zuhra, muulize, na asali?"

"Mwambie asali nimeila," akasema Mama Veneranda. "Na mwambie aniachie kichaka kimoja. Nitakohoa wapi?"

Kichaka kilichobaki kijani kilikuwa kile cha kona ya juu, na kilikuwa kimepulizwa dawa saa mbili tu zilizopita. Eliakimu alipanda na maji ya pipa akaanza kukiosha, tete moja moja, glavu mkononi. Mimi nilimbebea madumu, kwa sababu nilicheka sana na dhamira ilinisuta. Wanawake wakatoka shamba wakatukuta.

"Si tulisema? Anamwagilia magugu!"

"Ndiyo," akajibu safari hii. "Yana kiu."

Nusu ilikauka, nusu ikapona. Leonardi alipouliza kwa nini pana kichaka kwenye kona, niliwahi kumjibu kwamba hicho ni cha mkwe. Akakiacha, naye ana mkwe.

Mbuzi alipelekwa Krismasi. Njia ikafunguliwa rasmi, wakakaa meza moja, wakaulizana habari za mvua, kisha hawakuwa na neno lingine. Scola ananiambia wote wawili walitoka jasho mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake nilikuwa konani na bendera yangu. Mama Veneranda alikuja na jembe lake, akasimama, akarekebisha kanga, akakohoa mara mbili. Na Eliakimu, mwenye ruhusa zote, akaingia kichakani, upande wa kijani.