Bastola Iliyovuka Ziwa

Kwa miaka isiyopungua kumi na mitano niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba silaha ya baruti ikishavuka Ziwa Victoria haiwi silaha tena. Inakuwa chuma. Maelezo yalikuwa kwamba unyevu wa majini unaingia mpaka ndani ya chuma, baruti inakikataa chuma hicho, na serikali, ambayo inajua mambo hayo yote, haina tena haja nacho. Unaweza kukiuza kama unavyouza jembe. Niliyasikia kwenye kijiwe cha mafundi pikipiki Mabatini, hapa Mwanza, kutoka kwa mtu aliyedai ana mjomba forodhani, nami nikayapeleka mbele na chumvi yangu juu: nilikuwa nasema hata mhuri wa kiwandani unafutika wenyewe meli ikifika katikati ya ziwa. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi ni mtu wa kidato cha nne, bwana. Nilikimaliza kwa masomo ya jioni pale Mkuyuni nikiwa na ndevu, dawati moja na mama mwenye wajukuu wanne. Nikisema kitu, kina uzito.

Na jambo hilo lilinihusu, kwa sababu nyumbani kwetu Mkolani, chini ya kitanda cha mama, kulikuwa na bastola.

Baba alikuwa mlinzi wa kiwanda cha kahawa upande wa Bukoba. Bosi wake alipostaafu alimwachia ile bastola, na wakaenda wote wawili polisi kuihamisha jina. Ilikuwa bastola ya kizamani, ya kushindiliwa baruti na goroli tundu kwa tundu, mpaka fundi mwenye kibali alipoibadilishia ule mtungi wa matundu unaozunguka ili ipokee risasi za kawaida. Risasi zenyewe sikuwahi kuziona. Sikumbuki baba akiifyatua hata mara moja. Aliipaka mafuta kila Jumamosi, polepole, kama mtu anayemkanda mgonjwa, kisha anairudisha sandukuni. Leseni yake aliihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Tulipohamia Mwanza ilikuja naye kwenye meli. Kwa hiyo, kwa hesabu zangu, nilikuwa nimekulia nyumba moja na chuma.

Alipokuwa mgonjwa mara ya mwisho, alituambia neno moja juu yake: isitoke humu ndani bila jina la anayeichukua kuandikwa. Hakutaka, akiwa amelala kaburini, jina lake libaki mahali fulani kama jina la mtu aliyepoteza bastola. Alikuwa mlinzi maisha yake yote. Hakuwahi kupotelewa hata na kufuli.

Mwaka mmoja baada ya msiba mama akaniita.

"Mwanangu, nimelala juu ya kitu hicho miaka thelathini. Nimechoka. Kitoke."

"Kitatoka, mama."

"Lakini kitoke kama alivyosema."

Wa kwanza kuleta habari za mnunuzi alikuwa shemeji yangu, mume wa dada, mtu anayemjua kila mtu na hakuna mtu anayemdai salamu.

"Shemeji, mambo yamekwisha. Kuna jamaa wa machimboni anaichukua Ijumaa. Hakuna maandishi, hakuna kelele."

"Anaitwa nani?"

"Jina la nini tena? Mtu anataka bastola, hataki ubatizo."

"Basi hapati."

"Wewe, hiyo shule ya jioni imekuharibu."

"Imeniharibu kwa watu kama jamaa yako. Mwambie akaninunie hukohuko machimboni."

Alininunia yeye kwa niaba ya jamaa yake, wiki tatu nzima. Alikuja, akala ugali wangu, samaki wangu, akaondoka bila kuaga. Ukoo ukaanza kunipigia simu mmoja mmoja. Eti najifanya mwanasheria. Namtesa mama. Baba alishakufa, hasomi karatasi. Nikawajibu wote jibu moja: jina, au haitoki. Nilivyolirudia, nadhani hata kuku wa jirani walilijua.

Mimi nilikuwa na mnunuzi wangu, mwenye duka la silaha lenye leseni kule Arusha, anayekusanya za zamani. Nilimtumia picha kwa simu. Akanipigia siku hiyohiyo.

"Karatasi zikikamilika, mzee wangu, naichukua. Jina langu nitaliandika mara kumi ukitaka."

Nilisikia lile la mara kumi. La karatasi kukamilika lilipita sikioni kama basi lisilosimama. Karatasi gani, na sisi tulikuwa na chuma kilichovuka maji?

Nikaenda kwa seremala, akanitengenezea sanduku la mninga, zito kama la kumzikia chifu. Juu yake niliandika kwa rangi nyekundu BASTOLA, kwa herufi ambazo mtu wa Ukerewe angezisoma akiwa kwao. Nikalibeba tupu mpaka stendi, kwenye ofisi ya vifurushi, kuuliza namna ya kulisafirisha. Dada wa kaunta alikuwa anapiga mhuri magunia ya dagaa. Aliposoma, mhuri ukabaki hewani.

"Kaka, hii ni nini?"

"Si imeandikwa?"

Foleni nyuma yangu ilikuwa ya watu kumi na mbili. Nilipogeuka walikuwa wawili, na mmoja ni kwa sababu hakujua kusoma.

"Humo ndani imo?"

"Haimo. Nimekuja kuuliza kwanza."

Akapumua. Kisha akainamia kaunta, akashusha sauti kama mtu mwema, na kwa kweli alikuwa mtu mwema.

"Sikiliza kaka yangu. Futa hilo neno. Andika spea za cherehani. Kila mtu anaandika spea za cherehani."

"Sifuti."

"Nakusaidia, lakini."

"Najua, dada, na Mungu akubariki. Lakini baba yangu hakulinda spea za cherehani. Hii ni bastola, ina jina la mwenyewe, na itaandikwa bastola mpaka Arusha."

"Basi nenda polisi wakupe karatasi. Mimi hilo sanduku silipokei hata likiwa na keki."

Vizuri. Kama ni karatasi, nitaleta karatasi. Nililibeba sanduku langu begani, neno likiwa upande wa barabara ili kila mtu alisome, nikaenda kituoni kwa miguu, kifua mbele. Nilikuwa nakwenda kudai karatasi ya serikali inayothibitisha kwamba bastola ya baba ni chuma.

Getini walilipekua sanduku mara tatu, wakaniuliza kama niko sawa kichwani, ndipo wakanipeleka kwa afande wa daftari la silaha. Nikapiga kisigino.

"Shikamoo, afande!"

"Aa, mzee, shikamoo ni yangu mimi. Kaa."

Sikukaa. Nilimweleza yote nimesimama: meli, unyevu, baruti, mjomba wa forodhani, mpaka mhuri unaofutika katikati ya ziwa. Nikamkabidhi leseni ya baba. Nikamwambia sitoki pale bila jina la mnunuzi kuandikwa chini ya jina la baba, hata kama nitalala kwenye benchi lake, kwa sababu shemeji, ukoo na ofisi ya vifurushi wote wamenitaka niseme uongo na nimekataa.

Hakucheka, ingawa mwenzake wa meza ya pili alitoka nje ghafla. Alifungua daftari kubwa, akapeleka kidole mstari kwa mstari, akaligeuzia kwangu. Palikuwa na saini ya baba, ile yenye mkia mrefu.

"Huyu ni baba yako?"

"Ndiye."

"Aliandikisha hapa siku ya pili baada ya kushuka kwenye meli. Na kila ukaguzi alikuja. Angekuwa anaamini haya unayoniambia, angekuja kufanya nini?"

Hapo nikakaa.

"Bastola ilivuka ziwa ikiwa bastola, mzee. Maji hayabadilishi kitu, na kubadilishwa mtungi hakubadilishi kitu. Mwenye leseni akifa, silaha inakabidhiwa polisi. Mlichelewa, na hilo utaliandikia maelezo sasa hivi. Usiibebe. Tutaifuata wenyewe nyumbani leo. Huyo wa Arusha ataomba kibali cha kuinunua na cha kuisafirisha, na akipata, jina lake litaandikwa hapa, chini ya la baba yako."