Samaki wa Nyuma ya Mawe

Ipo siku ya ujana wangu ambayo siachi kuikumbuka, mwanangu: siku baba yangu mkubwa alipoyatoa mawe ndani ya tangi la samaki, akidhani anatenda wema.

Nilikuwa nimetoka Magu kuja kusoma chuo hapa Mwanza, nikapokewa nyumbani kwake. Alikuwa muuza vitambaa, mtu wa watu, na sebule yake haikukaukiwa wageni. Humo palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa bahari walioletwa kutoka Dar es Salaam. Chumvi yao iliagizwa huko huko, ikakorogwa kwa kipimo, kwani samaki wa aina hiyo hawezi kuishi katika maji ya ziwa letu. Jirani mmoja hakuchoka kumtania: "Mzee mwenzangu, Mungu amekupa ziwa zima mlangoni, nawe unakoroga bahari kwenye kioo?" Baba mkubwa alimjibu kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu, wakacheka wote.

Samaki wengi walikuwa wachangamfu, wa rangi ya chungwa na mikanda myeupe. Mmoja tu alikuwa mweusi, mwenye vitone vyeupe mwili mzima, na huyo hakutoka katika pango lake la mawe ila jua lilipozama. Alikuwa wa mama mkubwa. Tangu walipomzika Zuhura, binti yao wa pekee, mama mkubwa hakuketi tena na wageni. Alishinda chumbani, akatoka baada ya sala ya magharibi kumlisha samaki wake.

Alikuwa muuguzi mstaafu, na mikono yake iliijua subira. Kwanza aliwarushia wale wachangamfu chakula upande wa dirishani, washibe na kutulia. Kisha alizima taa ya tangi, akavuta vipande vidogo vya kamba wa baharini kwa bomba la sindano lililofungwa mrija mrefu, akavisogeza taratibu hadi kwenye mdomo wa pango, mahali pale pale kila siku. Akangoja. Samaki akachungulia, akala, akarudi ndani. Ndiyo saa pekee niliyomwona mama mkubwa akitabasamu.

Sasa, mwanangu, waijua desturi yetu: mgeni akiingia, watoto huitwa sebuleni waje kuamkia, na anayejificha huhesabiwa hana adabu. Wageni waliinama mbele ya kioo, upande wa pango, wakauliza, "Hivi hapa mmefuga samaki au mawe?" Baba mkubwa alivumilia, mwisho akashindwa. Asubuhi moja alikunja mikono ya kanzu, akatoa mawe yote, akasema naye huyu atoke awaamkie watu. Mimi nilimshikia ndoo.

Samaki alijibanza kwenye kona, nyuma ya mashine ya kusukuma maji, rangi ikamfifia. Jioni hiyo hakula. Jioni zilizofuata, wachangamfu walimpora kila kipande kilichomkaribia, na tumbo lake likaanza kubonyea. Mama mkubwa alizidi kujaribu, mpaka jioni moja akauweka mrija chini, akamgeukia mumewe. Alimwita kwa jina ambalo halikuwa limetamkwa mle ndani tangu msiba.

"Baba Zuhura, kwa nini umemvunjia nyumba yake?"

Baba mkubwa alitazama sakafu. "Nilidhani akitoka yeye," akasema polepole, "na wewe utatoka."

"Mimi sijajificha, mume wangu. Ninapona. Na anayepona huhitaji ukuta wa kuegemea."

Baba mkubwa alikwenda uani, akayaosha mawe kwa maji ya chumvi, akayarudisha moja moja, mkewe akimwelekeza kwa kidole: hili juu, lile pembeni, tundu lielekee ukutani. Tangu hapo kila jioni aliketi naye chini, wakipokezana mrija. Samaki alichelewa kuwaamini. Jioni nyingi kipande kilirudi kama kilivyokwenda. Hatimaye kichwa cheusi kilichomoza, kikanyakua, kikatoweka. Baba mkubwa alimfuta mkewe machozi kwa upindo wa kanzu yake, nami nikajifanya ninasoma.

Wageni wakahamishiwa mchana. Chakula cha jioni baba mkubwa alikipeleka chumbani, akala na mkewe. Na mama mkubwa alikuja sebuleni siku aliyoitaka mwenyewe, amebeba sinia la chai, pasipo kuitwa na mtu.

Mwanangu, siku hizi tunataka kila kitu kionekane. Hata majonzi ya jirani tunayadai picha. Acha tabia hiyo. Ukifuga kiumbe mwenye haya, mpe maficho kwanza, ndipo umpe chakula. Shibisha wenye vurugu kando, ili mnyonge apate fungu lake. Ngojea mahali pale pale, saa ile ile, wala usihesabu kuonekana kwake kuwa haki yako. Na binadamu mwenye huzuni naye huyahitaji hayo yote. Subira huvuta heri, walinena wahenga, lakini subira ya kukaa mbali na kulaumu si subira. Keti chini karibu naye, ushike mrija.

Mungu akujaalie mkono mwepesi wa kulisha na jicho lisilo na pupa. Na siku utakapohitaji maficho wewe mwenyewe, akupe mtu wa kukungojea mlangoni bila kubisha.